Mfunga Msafara

Kundi letu la wakimbiaji hapa Kaisho lina sheria moja tu iliyoandikwa. Iko kwenye maelezo ya grupu la WhatsApp, mahali ambapo mgeni anaisoma kabla hajasalimia: watu wakileta taarifa za mazoezi ya siku hiyo, wa kwanza kujibiwa ni aliyekimbia umbali mdogo kuliko wote. Niliiandika mwaka 2019, wiki ileile tuliyoanza, na nimeombwa mara nyingi niilegeze. Sijakubali, na sitarajii kukubali.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokuwa sekondari nilikimbia mita 1,500 kwenye UMISSETA, kisha nikaacha kama wanavyoacha wasichana wengi: mtihani wa kidato cha nne ukiisha, raba anapewa mdogo wako. Nilirudi barabarani nikiwa mama wa watoto wawili. Mwanamke anayekimbia peke yake alfajiri kwenye barabara ya kuelekea Murongo huulizwa na kila anayekutana naye kuna msiba kwa nani. Wanauliza kwa wema kabisa. Wapo waliokwisha kutua jembe wanifuate, kwa sababu kwetu mtu mzima hakimbii bila jambo. Mbali na maswali hayo kuna giza, kuna mbwa, na kuna bodaboda zisizo na taa zinazowahi abiria wa mpakani. Kwa hiyo walimu watatu, muuguzi mmoja na kijana wa bodaboda tulifungua grupu kwa shabaha ndogo sana: kujua nani anatoka, saa ngapi, na anapita njia gani, ili asiporudi kwa wakati ijulikane pa kumtafuta.

Leo lina watu wa Kaisho, Isingiro, Murongo na Nkwenda, wengine wa Kayanga na Bukoba, pamoja na ndugu zetu waliotawanyika: wako Mwanza, wako Dar es Salaam, yuko kijana anayesoma Mbarara ng'ambo ya mpaka, na yuko dada mmoja anayefanya kazi Muscat ambaye hukimbia usiku kwa sababu joto la mchana la huko halimruhusu. Wengi wa hao hatujakimbia nao hata hatua moja. Tunawajua kwa sauti zao na kwa picha za viatu vyao vyenye vumbi la rangi mbalimbali.

Watu wakilisifia kundi hili husema lina watu wema. Hapo ndipo ninapobisha. Watu wetu ni walewale walioko kwenye magrupu ya harusi, ya vikoba na ya siasa, ambako hushambuliana mpaka usiku wa manane na kulefti kwa hasira. Hawabadiliki mioyo wakiingia kwetu. Tofauti ni kwamba hapa kuna mtu anayefanya kazi. Kila siku kabla ya kipindi cha kwanza mtu huyo anafungua simu, anaangalia nani kaingia jana, nani kaandika akapitwa, nani alikuwa akiandika kila wiki na sasa kanyamaza. Kisha anapiga simu. Upole unaouona kwenye kundi lililokaa vizuri ni kazi ya mikono, na usipoifanya asubuhi, mchana utakuta mtu kaumizwa.

Kwetu Kagera mgeni akifika nyumbani haulizwi kwanza ameleta nini wala anakaa mpaka lini. Analetewa kahawa ya kutafuna, ile robusta iliyochumwa ingali mbichi, ikachemshwa na majani ya viungo, ikaanikwa. Anachukua punje zake, anatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Salamu ya kwanza kwa mgeni wa grupu inatakiwa iwe kahawa hiyo. Nikimpokea mtu namtaja kwa jina, namuuliza anaishi sehemu gani na anapenda kutoka saa ngapi, kisha namtajia mwenzake mmoja wa jirani. Simuulizi anakimbia kilomita ngapi. Akiulizwa hilo siku ya kwanza, atajibu namba ya kujitetea, na tangu hapo atakuwa akiitetea namba hiyo badala ya kukimbia.

Nakumbuka ujumbe wa mama mmoja anayeuza dagaa na nyanya sokoni. Aliandika hivi: "Habari zenu. Leo nimekimbia kutoka nyumbani mpaka kanisani nikarudi. Sijui ni kilomita ngapi. Nimechoka." Dakika chache kabla yake kijana wetu mmoja mwenye kasi alikuwa ametuma picha ya Strava, kilomita 24, na vidole gumba vilikuwa vinamiminika. Nilimjibu mama kwanza. Nilimuuliza ni kanisa lipi, akanitajia. Nikamwambia hiyo ni kilomita tatu na kitu, na ndani yake kuna kile kilima cha kwenye migomba ambacho hata sisi tunakipanda tukiwa tumeinamisha vichwa. Kesho pumzika, nikamwandikia, kesho kutwa rudia hapohapo, na uende mwendo ambao ungeweza kuongea na jirani yako bila kuhema.

Yule kijana akaandika: "Hiyo ni kukimbia au kwenda kisimani?" Akaweka vicheko vitatu.

Najua magrupu mengi ambako sentensi ya namna hiyo ingepita. Wengine wangecheka, mama angecheka pia, kisha asingeandika tena, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Nilifuta ujumbe ule. Sikuandika onyo mbele ya watu, maana ukimwaibisha kijana hadharani unawafundisha wote kwamba hapa watu huaibishana. Nilimpigia. Tuliulizana habari za nyumbani, za mama yake, za pikipiki yake, kisha nikamwomba jambo moja: Jumamosi akimbie nyuma kabisa, na mtu wa mwisho, na asimpite.

Hapa nieleze mfunga msafara, kwa kuwa ndiye nguzo ya mambo yote haya. Kila Jumamosi tunapokimbia pamoja, mtu mmoja anapangwa kuwa wa mwisho kwa makusudi. Kazi yake ni kwamba asiwepo mwingine nyuma yake. Akitembea yule wa nyuma, naye anatembea. Akikaa chini ya mti kufunga kamba, naye anasimama. Wazo hili si letu. Huko Uingereza kuna mbio za kilomita tano za kila Jumamosi ziitwazo parkrun, zilizoanzishwa na Paul Sinton-Hewitt tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bushy Park, London, na watu 13 tu waliojitokeza siku hiyo. Zimeenea nchi nyingi, ni bure, na kila mahali zinakofanyika kuna mtu wa kujitolea anayefunga nyuma ili asiwepo mshiriki hata mmoja anayeweza kusema nilikuwa wa mwisho. Nilipoisoma habari hiyo nililala nimeshika simu. Wazungu wa London walikuwa wamewafikiria watu kama mama wa dagaa, nasi tusiwafikirie?

Kijana alikuja Jumamosi. Alifunga msafara na mama, mwenye kanga kiunoni na ndala za kufunga miguuni, mpaka mwisho. Walivyorudi walikuwa wanazungumza bei ya kahawa. Ningependa kusema kwamba tangu siku ile alibadilika, lakini hakubadilika sana. Baada ya miezi michache alihamia kundi la vijana wenzake wanaofuata muda tu, na akaondoka kwa heri. Mama bado yupo. Nikipima, naona tulifanya sawasawa. Mwenye kasi akiondoka kwetu atapata wenzake Kayanga au Bukoba kesho yake. Wa nyuma akiondoka anarudi kukaa nyumbani.

Kazi ngumu kuliko ya vijana ni ya wazee. Tuna mzee mmoja, mstaafu wa chama cha ushirika, anayetembea haraka kila asubuhi na fimbo yake. Alipoingia alianza kutuma matangazo ya dawa za nguvu, kisha habari za siasa, kisha video za mahubiri, zote kabla jua halijachomoza. Bando za watu zikawa zinaisha. Mimi ni rika la binti yake wa mwisho. Nikimwandikia namwanzia shikamoo, na siwezi kufuta ujumbe wake halafu nikabandika chini "tuzingatie lengo la grupu". Kwetu hilo ni tusi, na wangeliona hivyo hata wale waliochoshwa naye.

Nilikwenda kwake Jumapili baada ya ibada. Nilikaa, nikaulizwa hali za wazazi, nikatafuna kahawa. Sikuitaja simu. Nilimuuliza kama zamani watu wa huku walifuatilia riadha. Mzee alinyooka kwenye kiti. Alinisimulia Februari 1974, walivyosikia kwenye Redio Tanzania kwamba kijana wetu Filbert Bayi amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alijua kwamba Bayi aliongoza tangu mwanzo bila kujificha nyuma ya mtu, kwamba alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32 na nukta, na kwamba John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili naye aliishinda rekodi ya zamani. Alinisimulia huku mkono wake ukipiga mwendo kwenye goti. Nilimwomba awe anatusimulia kila Ijumaa jioni, kwa sauti, habari moja ya mbio za zamani. Ametusimulia Suleiman Nyambui na medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambako Bayi naye alipata fedha ya kuruka viunzi na maji. Ametusimulia Gidamis Shahanga na dhahabu ya marathoni ya Edmonton mwaka 1978. Sauti zake ni ndefu na wengine wameniomba nimkatishe; nimewaambia wasikilize wakiwa wanapika. Matangazo ya dawa yaliisha yenyewe. Alikuwa anatafuta pa kusemea tu, na sisi hatukuwa tumempa.

Ni mzee huyuhuyu aliyetuletea habari ya John Stephen Akhwari kwa ukamilifu wake. Wengi tunajua kipande kimoja: Mtanzania aliyeumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani akichechemea jioni watu wakiwa wameanza kuondoka, na alipoulizwa kwa nini hakuacha akajibu kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio, haikumtuma aanze tu. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na 75 walikuwa wameanza. Mzee alituongezea namba ambayo watu huisahau: muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Akiwa ameanguka, goti limefungwa bandeji. Katika kundi letu hakuna aliyekimbia kilomita 42 kwa muda huo na magoti yake yote mazima. Tangu siku ile neno "wa mwisho" kwetu lilipata uzito mwingine. Jina la Mamo Wolde, Mwethiopia aliyeshinda siku ile, nalitaja kwa heshima, lakini sijakutana na mtoto wa shule yangu anayelijua, na la Akhwari wanalijua wote.

Kuna mambo madogo ya mahali ambayo hakuna kitabu kitakufundisha. Kaisho iko karibu na mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja nzima. Simu ukiiacha ijipangie saa yenyewe, ukilala kwenye kilima kinachotazama mtoni inashika mnara wa ng'ambo na kukurudisha nyuma. Tumewahi kumkuta mwenzetu amesimama peke yake sokoni, amevaa vizuri, anasubiri watu ambao walikuwa wameshafika nusu ya njia. Aliumia kwa sababu alidhani tumemwacha kwa makusudi. Sasa kila tangazo la Ijumaa linaandikwa "kwa saa ya Kaisho", na mgeni anaelekezwa siku ya kwanza namna ya kuzima saa ya kujipanga. Ni jambo la dakika moja, na limeokoa udugu.

Tena wapo wakimbiaji wetu wazuri ambao hawana simu janja. Wana vitochi. Kundi la mtandaoni linaweza kuwasahau watu hawa bila ubaya wowote, na taratibu linakuwa la wenye bando tu. Kwa hiyo kila mwenye kitochi ana mwenzi mwenye simu kubwa, na mwenzi huyo anawajibika kumpigia Ijumaa jioni na kumsomea yaliyosemwa, hata salamu. Yeye naye akitaka kusema neno analisema kwa simu na mwenzi analiandika kwa jina lake. Msimu wa kahawa, kuanzia Mei, watu wote wanazama mashambani na grupu linakuwa kimya. Hapo wenzi ndio wanaotushikilia. Novemba ni msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Siku za senene sihangaiki, hata mfunga msafara anarudi na mfuko umejaa.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja Machi 2023. Tarehe 21 mwezi huo serikali ilithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu katika Halmashauri ya Bukoba, kata za Maruku na Kanyangereko, ni Marburg. Bukoba haiko jirani sana nasi, lakini hakuna familia ya hapa isiyo na ndugu Bukoba. Usiku ule grupu liligeuka. Sauti za watu tusiowajua zilikuwa zinapita kutoka magrupu mengine, kila moja ina idadi yake ya maiti na dawa yake, na mwenzetu anayeishi Bukoba akaambiwa mbele ya wote asije Kaisho. Nililifunga grupu: kwa siku kadhaa wasimamizi peke yetu ndio tuliweza kuandika. Najua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkamata anayesambaza uongo, na niliwakumbusha watu, lakini sikufunga kwa kuogopa sheria. Nilifunga kwa sababu yule wa Bukoba alikuwa anasoma.

Muuguzi wetu alichukua nafasi. Kila jioni alileta taarifa ya Wizara ya Afya peke yake, akaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba ugonjwa huo hushika mtu anayegusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, si anayepita barabara moja naye. Tuliacha kupeana mikono na kunywa chupa moja ya maji, tabia ambayo wakimbiaji tunayo sana. Nami nilimpigia wa Bukoba kila siku. Alikuwa anakimbia kuzunguka nyumba yake, akawa anatutumia sauti za kuku wakimkwepa. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Uliwapata watu tisa, sita wakafariki. Ulipotokea tena Biharamulo Januari 2025 hapakuwa na haja ya kufunga kitu. Mtu alileta uvumi, na kabla sijafika watu wanne walikuwa wamemuuliza kwa upole taarifa hiyo ya wizara iko wapi.

Muuguzi huyo pia ndiye aliyetuondoa kwenye tabia ya kutibiana. Mtu akisema goti linauma, walikuwa wanajitokeza matabibu watano: meza diklofenaki, meza mbili, meza kabla ya kukimbia usisikie. Alitueleza kwamba dawa za namna hiyo pamoja na mwili uliokauka maji zinaweza kuumiza figo. Tangu hapo anayeumwa anaambiwa maneno mawili tu, pole na zahanati, na mtu wa jirani anapangwa kumsindikiza.

Kuhusu pesa sina mengi. Michango inaua magrupu ya Watanzania kuliko matusi. Sisi tunachanga msiba wa mwanachama na nauli ya mwenzetu mmoja anayekwenda mbio kubwa, kama za Kilimanjaro pale Moshi ambazo zipo tangu 2003, na kutoka huku ni safari ya kukata Lusahunga, Kahama, Nzega, Singida, Babati mpaka Arusha. Kila mchango una mwisho wake na hesabu inawekwa wazi. Ombi lolote la "tuma kwenye namba hii" linathibitishwa kwa kumpigia mwenyewe na kumsikia sauti.

Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025 hatukulala. Alphonce Simbu alikuwa anakimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia, Tokyo. Tulikuwa naye tangu shaba ya London mwaka 2017; kila mtu hapa ana habari yake na Simbu. Alipoingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, grupu lilikuwa halina maneno tena, ni herufi tu. Wote wawili walipewa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ikaonyesha Simbu amemtangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania haikuwa imepata dhahabu ya Mashindano ya Dunia ya riadha kabla ya asubuhi ile. Mwenzetu wa Mbarara, ambaye kwa miaka alitutambia dhahabu ya Olimpiki ya Mganda Stephen Kiprotich, London 2012, alikuwa wa kwanza kutupongeza. Mzee akaamka, akaleta karatasi yake: Kiprotich alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na Juma Ikangaa wetu aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1989 alitumia saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Miaka 23 katikati, na hakuna sekunde iliyozidi. Sijui kwa nini ilitufurahisha kiasi kile, lakini kijana wa Mbarara aliiweka kwenye picha yake ya wasifu.

Katikati ya mafuriko hayo, kama saa moja asubuhi, kuna ujumbe uliopita ambao mtu angeweza kuuruka. Fundi bomba mmoja wa Isingiro, aliyevunjika mguu kwa pikipiki na kukaa ndani miezi mingi, aliandika: "Nimetembea mpaka dukani bila magongo." Mimi nilikuwa njiani kwenda shule. Nilipofungua simu kwenye mapumziko nikakuta dada wa Muscat amemjibu dakika ileile, akamuuliza duka lipi na kama kuna mteremko, na chini yake watu wengine wamesimamisha habari za Simbu kumpongeza, kisha wakaendelea nazo. Sikuwa na la kuongeza.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo linatoka nje ya kundi letu. Mwaka mmoja tulikwenda kwenye mbio katika mji mmoja wa kanda hii, kilomita 21. Mama wa dagaa alikuwa amejiandaa tangu msimu wa mvua. Alilipa kiingilio sawa na wengine wote. Mimi nilikuwa mfunga msafara wake. Kuanzia kilomita ya kumi na tatu hatukukuta meza ya maji hata moja. Zilikuwa zimepakiwa kwenye gari, na gari hilo lilitupita likitupigia honi tupishe. Barabara ilikuwa imefunguliwa. Tulikunywa maji ya mwenye kibanda, aliyetupa bure. Tulipofika, geti la kumalizia lilikuwa limelazwa chini, saa imezimwa, medali zimekwisha, na mtu wa kipaza sauti anawapigia wafadhili muziki. Wenzetu wawili walikuwa wamesimama pale lilipokuwa geti, wameshika kitenge huku na huku, na mama alikikata kwa kifua chake. Hakulia. Alisema amesikia kiu, basi.

Mbio sasa zinaota kila wilaya, za benki, za hospitali, za kuchangia vyumba vya madarasa, na nafurahi kuziona. Nawaomba wanaoziandaa: kama kuna muda wa mwisho wa kumaliza, uandikeni kwenye fomu ya usajili, mtu aamue kabla hajalipa. Mkishampokea, wekeni medali yake pembeni kwa jina lake, acheni saa ikitembea, na meza ya maji iondolewe mfunga msafara akishapita, si dereva wa gari la kubebea meza akitaka kwenda kula. Kama hamna mtu wa kufanya kazi hiyo, tuiteni. Kaisho tunao, wamezoea kwenda polepole, na nauli tutachanga wenyewe.